Lori la Pili

Mwanamke niliyemgonga alikuwa amekwisha kuliachia njia lori la kwanza. Watu wengi wakisikia habari hii hawalielewi jambo hilo, kwa hiyo nalisema mapema. Alisikia gari likija, akatoka barabarani, akasimama kwenye majani na kibuyu chake cha maziwa kichwani, akangoja. Lori likapita. Akarudi barabarani aendelee na safari yake, maana pembeni palikuwa na miiba, na barabara ilikuwa laini kwa mguu usio na kiatu. Mimi nilikuwa lori la pili, nilikuwa ndani ya vumbi la lile la kwanza.

Ilikuwa miaka ile ambayo dhahabu ilianza kuchimbwa kwa mashine upande wa Geita. Mizigo ilishuka kwenye stesheni ya Shinyanga, nasi madereva tuliipakia na kuipeleka magharibi: mabomba, mapipa, magunia ya unga wa wachimbaji, mara nyingine chuma kizito ambacho hakuna aliyetuambia ni cha kazi gani. Tukirudi tulileta pamba au samaki wakavu wa ziwani. Barabara ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopanuliwa kwa majembe, na ng'ombe walikuwa hawajaambiwa kwamba si yao tena. Mimi nilizaliwa Shinyanga. Baba yangu aliingia na misafara ya kutoka Ujiji, mama yangu alikuwa Msukuma, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Ngokolo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na watu walinisifu kwa udereva.

Siku ile dereva wa mbele alikuwa amenitania asubuhi, akasema lori langu linakohoa na nitalala njiani. Nikaamua kumfuata mgongoni. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia turubai lake likipigapiga kwa upepo. Lori lake sikuliona. Nilikuwa nalifuata turubai lile kwa masikio.

Nilisikia kishindo kidogo, kama gunia linaloanguka kutoka juu ya mengine. Nikakanyaga breki. Lori likaenda, likaenda, halafu likasimama.

Utingo wangu, mtu mzima aliyenizidi umri, alikuwa amekaa juu ya mzigo. Aliteremka kabla yangu, akarudi nyuma, kisha akaja dirishani.

"Usishuke," akasema. "Tia gari moto twende bomani tukajisalimishe. Hawa watatuua."

Sikuondoka. Baadaye watu walisema nilikuwa jasiri. Ukweli ni kwamba miguu yangu haikunitii. Nilikaa nimeshika usukani, nikaangalia maziwa yaliyotapakaa kwenye boneti yakikauka kwa joto la injini, yakatoa harufu ya kuungua. Watu walipofika nilikuwa bado nayaangalia. Mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji kile, alisimama mbele ya mlango wangu akawakataza vijana wasiniguse. Nilisikia maneno yake yote, kwa Kisukuma, na niliyaelewa, lakini yalikuwa kama yanamhusu mtu mwingine.

Bomani waliniuliza swali moja la maana. "Ulikuwa mbali kiasi gani na gari la mbele?"

"Mbali," nikasema. "Vumbi lilikuwa limekwisha kutulia."

Wakamwuliza utingo. Akasema hivyo hivyo, ingawa hatukuwa tumepatana. Ikaandikwa kuwa ajali, na baada ya wiki mbili nikarudi kazini.

Miezi iliyofuata siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikuwamo. Nilikula, nilisali, nilibadilisha matairi. Msikitini nilisimama safuni na kurukuu na wenzangu, na nikitoka nje sikukumbuka kama nimesali rakaa ngapi. Mke wangu alinitazama siku nyingi bila kusema kitu. Siku moja akaweka sahani ya ugali mbele yangu, akakaa.

"Baba watoto," akasema, "lia basi."

"Nilie nini?"

Nikala ugali nikaumaliza. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililonitisha kidogo, ila hata hofu yenyewe ilikuwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nilipopita pale kijijini nilitazama mbele. Kila safari nilipita.

Mwezi wa tatu au wa nne tangu ajali, Ijumaa baada ya sala, nikakuta watu wanne wamekaa kwenye mkeka barazani kwangu. Mwanangwa nilimjua. Wawili walikuwa wazee wenye fimbo. Wa nne alikuwa mtu mrefu wa makamo, amejifunga shuka nyeusi, na kabla sijaambiwa nilijua kwamba ni mume wa yule mwanamke.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia wote, hata yeye.

Mke wangu alileta maji. Yule mume akanywa, akarudisha kata kwa mikono miwili. Mwanangwa ndiye aliyesema.

"Hatukuja kwa ugomvi, wala hatukuja kudai. Tangu siku ile, magari yenu yameua ndama wawili na kumvunja mguu mzee mmoja. Vijana wanataka kufunga barabara kwa miiba. Nikiwaachia, askari watakuja. Nikiwakataza, tutazika mwingine. Huyu," akamwonyesha yule mume kwa kidevu, "amesema tusifanye lolote mpaka tumwulize dereva."

"Kuniuliza nini?"

Yule mume akanitazama kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa kizito, akakiacha, akasema kwa Kisukuma. "Tunataka uje na gari utuonyeshe linavyosimama."

Nilimwendea tajiri wangu, mfanyabiashara wa pamba, nikamwomba lori siku ya Jumapili. Alinitazama juu ya miwani.

"Wakikuua?"

"Hawataniua."

"Unajuaje?"

Nadhani sikujali sana. Akanipa lori.

Walikuwa wamekusanyika barabarani penyewe, kwenye jua, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Walikuja hata wa vijiji vya jirani. Mwanangwa alimpa bibi mmoja kazi ya kuweka mawe: jiwe moja mahali nitakapoanza kukanyaga breki, na la pili mahali lori litakaposimama. Kiongozi wa vijana, kijana mwenye kifua kipana ambaye siku ya ajali alitaka kunitoa kwa dirisha, ndiye angenyanyua fimbo kuniamuru kusimama.

Nikaenda mwendo wangu wa kawaida. Fimbo ikanyanyuka. Nikakanyaga.

Nilipoteremka, yule bibi alikuwa bado anatembea kutoka jiwe la kwanza kuja la pili, na watu wote walimfuata kimya kimya, kama wanaosindikiza maiti. Alipofika akageuka kutazama alikotoka. Kiongozi wa vijana akasema nimefanya makusudi, nirudie. Nikarudia. Halafu nikawaambia kwamba gari lile ni tupu, na kwamba likiwa na mzigo haliko hivyo. Hawakuamini. Wakajaza mchanga kwenye magunia, wakapakia mpaka lori likalala kwenye springi zake. Mara ya tatu jiwe la pili lilikwenda kuwekwa mbali sana, ng'ambo ya mahali ng'ombe wanapovuka kwenda majini.

Bibi akalitua jiwe chini. Alikuwa anahema.

"Kumbe," akasema. "Sisi tulidhani mnakataa kusimama."

"Na sisi, bibi," nikamjibu, "tulidhani mnakataa kupisha."

Hakuna aliyecheka. Yule mume akapita katikati ya watu, akaja mpaka karibu na gurudumu.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa nyuma ya mwenzako kwa umbali gani? Weka jiwe."

Utingo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi. Nilichukua jiwe pembezoni mwa njia. Nilikuwa nimesema uongo bomani mbele ya bendera na karani, na ungeniuliza asubuhi ile ningesema tena. Sijui kwa nini pale sikusema. Haikuwa toba. Ilikuwa zaidi kama kuchoka kubeba kitu kwenye mkono uliokufa ganzi, ukafungua vidole bila kukusudia. Nilisimama nyuma ya lori, kana kwamba ndilo la mwenzangu, nikapiga hatua saba, nikaweka jiwe.

Watu wakatazama jiwe, kisha wakaangalia kule mbali ambako bibi alikuwa ameweka lake.

"Hapo?" akauliza yule mume.

"Hapo."

"Vumbi lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Sikuwa naona kitu."

Kiongozi wa vijana akasogea. Mwanangwa akanyoosha mkono kumzuia. Yule mume alilitazama jiwe langu muda mrefu, midomo yake ikicheza kidogo kama mtu anayepima urefu wa kitu. Kisha akasema, "Haya." Akamgeukia mwanangwa. "Tuzungumze habari ya ng'ombe."

Wakazungumza habari ya ng'ombe. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikasikiliza. Nilingoja kitu kinipate, aibu au nafuu, chochote. Nilisikia kiu tu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote, na kwamba niliwadanganya bomani.

"Najua," akasema. "Utingo aliniambia wiki ile ile."

"Hukusema kitu."

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akatoa jiwe dogo kwenye mchele akalitupa nje. "Umekula?"

Nilikuwa sijala.

Kazi waliyoifanya watu wa kijiji kile niliiona ikikua safari kwa safari. Kwanza ilikuwa shauri la wanawake. Wao ndio waliosema kwamba watu wanatembea barabarani kwa sababu ya miiba, basi iondolewe miiba pembeni. Wakalima njia ya miguu kila upande, wakaifagia. Ilichukua kama mwezi mzima. Sisi madereva tulikuwa tumelalamika miaka yote kwamba washamba hawajui kutembea pembeni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuteremka akaona pembeni pakoje.

Halafu ikaja njia ya ng'ombe. Pale walipokuwa wanavuka palikuwa kwenye kona, dereva haoni mpaka afike. Palipofaa ni mbele zaidi, mahali palipo wazi, lakini ili kufika pale ng'ombe wangepita katikati ya ngitili ya mtu, yaani malisho aliyoyafunga kwa ajili ya kiangazi. Ngitili ile ilikuwa ya yule mume. Niliambiwa kwamba watu walikaa siku mbili wakizunguka jambo hilo bila kumtaja, na siku ya pili akainuka akaenda mwenyewe na panga, akakata uzio. Vijana wakapanda minyaa pande mbili za njia mpya ili ng'ombe wasitawanyike. Kiangazi kilichofuata mifugo yake ilikonda kuliko ya wengine. Niliona mbavu zao.

Mwisho ikawa amri ya vumbi. Waliweka gogo jepesi mwanzoni mwa kijiji na jingine mwisho, na mtu wa zamu mwenye ngoma. Lori la kwanza linapita. La pili linasimama kwenye gogo mpaka vumbi litulie na mlinzi aione kona, ndipo anainua gogo. Likija lori, anapiga ngoma, na watu walio mbele wanajua kama ni moja au yako mawili: pigo moja ni lori moja, mapigo mawili ni malori mawili. Huo ndio ulikuwa uvumbuzi wao mkubwa, na hakuna aliyewafundisha.

Madereva walikataa. Tulikutana Ngokolo kwenye hoteli ya chai, tulikuwa kumi na kitu, na niliposema habari ya gogo wakapiga kelele. Yule aliyekuwa mbele yangu siku ile alikuwa mkali kuliko wote.

"Yaani nisimame nimngoje mchunga ng'ombe atazame vumbi? Wewe umeua, unataka sisi tufunge swaumu yako?"

Nikanywa chai iliyobaki, nikatua kikombe.

"Masika yanakuja," nikasema. "Mwaka jana ulikwama pale mara ngapi?"

Akageuza kikombe chake mezani.

"Nani walikutoa?"

"Wale wale."

"Mwanangwa ameniambia niwaambieni: atakayevunja gogo, akikwama asiwaite."

Mmoja akacheka, halafu wengine, kwa sababu wote tulijua tope la pale. Yule mkali alisimama kwenye gogo kwa mara ya kwanza mvua zilipoanza, na baadaye nilimsikia akimwonya dereva mgeni kana kwamba amri aliitunga yeye. Vijiji vilivyofuata viliiga, kila kimoja kwa namna yake. Kimoja kilipiga debe badala ya ngoma. Kingine kilipaka mawe chokaa kwenye kona, na mawe yakaibwa kuwa mafiga, wakapaka mengine makubwa yasiyobebeka. Bwana shauri, yaani mkubwa wa bomani, alipita akaona magogo, akauliza ni amri ya nani. Mwanangwa akamjibu kwamba ni ya vumbi. Waliniambia alifikiri kidogo, akapanda gari lake, akangoja zamu yake.

Mlinzi wa gogo la upande wa Shinyanga alikuwa yule mume. Aliomba mwenyewe. Kwa hiyo nilikutana naye kila safari, kwenda na kurudi. Nikiwa wa kwanza, alinyanyua gogo na kupiga ngoma. Nikiwa wa pili, nilizima injini nikangoja, naye alisimama upande wa dirisha langu akitazama kona. Tulisalimiana. Habari za mvua, habari za pamba. Hatukuzungumza jambo jingine kwa zaidi ya mwaka, na sikuona kuwa ni adhabu, wala sikuona kuwa ni msamaha. Ilikuwa kazi, na kila mmoja aliifanya.

Kisha siku moja ya kiangazi, nikiwa wa pili, aliniambia, "Leo nataka kupanda."

"Unakwenda wapi?"

"Gogo la pili tu. Lakini usingoje vumbi. Nenda kama siku ile."

Nikamwambia siwezi. Alikuwa tayari amemwita mwenziwe, akampa fimbo, akamwambia awatoe watu wote njiani na apige ngoma bila kukoma. Akazunguka, akafungua mlango, akakaa karibu nami, magoti yamegusa dashibodi. Hakuwa amewahi kuingia ndani ya gari. Utingo akaniangalia kwa mbali, akatikisa kichwa. Lori la mbele ndio kwanza lilikuwa linaondoka.

Nikaenda, polepole kuliko siku ile, utingo akikimbia mbele pembeni mwa njia kuwaonya watu. Vumbi likatufunika. Kioo kikawa chekundu. Ngoma ilisikika nyuma yetu, halafu injini ikaimeza. Yule mume aliinama mbele, akafuta kioo kwa kiganja upande wa ndani, akafuta tena, kana kwamba uchafu ulikuwa huko.

"Kumbe huoni kitu," akasema.

"Sioni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na ulikuwa unakwenda tu."

"Nilikuwa nakwenda tu."

Akaegemea nyuma. Tukaenda hivyo mpaka gogo la pili. Nilipozima injini alikaa, mikono juu ya mapaja, amejaa vumbi kwenye nyusi na kwenye ndevu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Akaanza kuniambia kwamba mkewe siku ile hakupaswa kwenda. Maziwa alikuwa akimpelekea dada yake aliyejifungua, na dada angeweza kungoja mpaka kesho, lakini mkewe alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa akitembea utadhani anafukuzwa. Mwendo ule ulikuwa ukimchekesha yeye mumewe. Alisema hayo yote kwa sauti ile ile aliyotumia kwa habari za mvua, na nilimsikiliza, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke akawa na mwendo. Mpaka hapo alikuwa kishindo tu, na maziwa.

Akateremka, akarudi kwa miguu kwenye gogo lake.

Aliacha ulinzi miaka miwili baadaye alipooa tena na kuhamia upande wa wakweze, karibu na Nkome, ambako waliniambia alianza kufanya biashara ya samaki. Gogo likashikwa na yule bibi wa mawe, ambaye alitutukana wote kwa zamu na hakumpitisha mtu hata vumbi likiwa limebaki la kupofusha sisimizi. Niliendesha njia ile kwa miaka mingine sita. Watu waligongwa kwingineko. Mchimbaji mmoja aliyelala barabarani amelewa, na mtoto wa mwenye duka kule machimboni. Pale kijijini hakufa mtu kwa gari kwa muda wote niliokuwa nikipita.

Ganzi ile haikutoka kwa siku moja kama jino. Ilipungua bila mimi kuona, na sehemu nyingine sidhani kama ilitoka. Nilipoacha udereva nilifungua duka dogo la vipuri, nikawa nasikia malori yakipita nje, na nikisikia mawili yakifuatana karibu karibu nilikuwa natoka mlangoni na kulipungia mkono la pili lisimame. Wengi walidhani ninauza kitu. Wachache walisimama.